Gogo, Msumeno na Kaya: Historia ya Mti Uliokatwa katika Nyanda za Juu za Mbulu

Kata ya Tlawi, iliyo karibu na mji wa Mbulu katika Mkoa wa Manyara, ina ziwa dogo lenye jina hilohilo na vilima vilivyolimwa kwa vizazi vingi. Miti inayoonekana huko kwa wingi siku hizi ni mikaratusi, migrevilea na misaipresi iliyopandwa na watu kwenye mipaka ya mashamba na kando ya nyumba, ilhali miti ya asili imebaki zaidi katika misitu ya hifadhi, kama vile Nou upande wa mashariki, Marang upande wa kaskazini, na ule unaofunika miteremko ya Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, upande wa kusini. Mgawanyo huo una historia yake, na historia hiyo inahusu namna watu walivyokata miti, zana walizotumia, na hatima ya sehemu za mti zisizofaa kuwa nguzo wala mbao. Sura hii inaeleza kwamba uchache wa miti katika makazi ya kale ya Wairaqw ulijenga mazoea ya kutumia kila sehemu ya mti, na kwamba msumeno wa mnyororo ulipofika ulileta kasi pasipo kuleta mazoea hayo, kiasi kwamba faida yake kwa kaya inategemea mambo yaliyojulikana nyanda hizo kabla ya injini yoyote kusikika.

Nyumba ya udongo na shoka

Wairaqw, ambao wengi wamezoea kuwaita Wambulu, ni watu wa jamii ya lugha za Kikushi, na eneo wanalolitambua kuwa chimbuko la makazi yao ya sasa ni Irqwa Da'aw, nchi ya vilima iliyo kati ya mji wa Mbulu na ukingo wa Bonde la Ufa. Katika eneo hilo finyu, lililozungukwa na majirani wafugaji wenye nguvu, yaani Wamasai na Wadatoga, watu waliishi kwa msongamano na walilima mtama, uwele na maharage kwa kutumia samadi, kuzuia mmomonyoko na kulisha mifugo kwa uangalifu. Kilimo hicho kiliwavutia wataalamu wengi wa historia na mazingira, akiwemo Mtanzania Yusufu Lawi, aliyechunguza kwa kina uhusiano kati ya Wairaqw na mandhari yao katika karne ya 20.

Nyumba ya kale ya Wairaqw ilikuwa aina ya tembe, yaani nyumba yenye paa la bapa lililofunikwa kwa udongo. Mara nyingi ilichimbwa kwenye mteremko wa kilima, hivi kwamba upande wa nyuma paa lake lilikaribia kulingana na ardhi, na mtu aliyetazama kutoka mbali hakuitambua kwa urahisi, jambo lililokuwa kinga dhidi ya wavamizi wa ng'ombe. Ndani yake waliishi watu pamoja na mifugo, na samadi iliyokusanywa humo ilipelekwa shambani. Kwa macho ya haraka nyumba ya namna hiyo huonekana kuwa ya udongo mtupu, lakini uimara wake ulitokana na miti, kwa kuwa paa la udongo ni zito, na linapolowa mvua uzito wake huongezeka, kwa hiyo lilihitaji nguzo nyingi zenye panda, boriti za kulala juu ya nguzo hizo, na tabaka la fito na matawi yaliyopangwa kwa kubanana kabla ya udongo kuwekwa.

Kuangusha mti mnene kwa shoka ni kazi ya muda mrefu, na kuubeba hadi kilimani ni kazi ya watu wengi, kwa hiyo mti ulichaguliwa kulingana na kazi iliyokusudiwa, na hakuna aliyeangusha mti mkubwa ili apate fito. Gogo lililooza katikati lilifaa kuwa mzinga wa nyuki, kipande kifupi kilichonyooka kilichongwa kuwa kinu au kigoda, kipande kirefu kilichopinda kilikuwa hori la kulishia ndama, matawi yalizungushiwa zizi, na vilivyobaki vilikwenda jikoni kuwa kuni. Nyumba ya zamani ilipobomolewa, nguzo ambazo hazijaliwa na mchwa zilihamishiwa nyumba mpya. Uchumi huo haukuwa na nafasi ya takataka ya mti, kwa sababu kila kipande kilikuwa kimelipiwa kwa jasho kabla hakijafika nyumbani.

Mbung'o, serikali na misitu ya hifadhi

Utawala wa Wajerumani ulipofika Mbulu mwanzoni mwa karne ya 20, na ule wa Waingereza uliofuata baada ya Vita Kuu ya Kwanza, uhusiano wa watu na miti ulianza kuongozwa na amri mbili zilizopingana. Amri ya kwanza ilikuwa ya kuhifadhi. Wajerumani walitoa sheria ya kulinda misitu mwaka 1904, Waingereza wakatunga ya kwao mwaka 1921, na kwa sheria hizo misitu ya milimani iliyotiririsha maji ilitengwa kuwa mali ya serikali, ikawekewa mipaka na walinzi, na mwananchi aliyezoea kuchukua nguzo humo akatakiwa kuwa na kibali.

Amri ya pili ilikuwa ya kufyeka. Baada ya tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 kudhoofisha nguvu za wafugaji wa jirani, Wairaqw walianza kutoka Irqwa Da'aw na kuenea pande zote, lakini katika maeneo ya chini walikutana na vichaka vyenye mbung'o, yaani inzi wanaoambukiza ng'ombe nagana na binadamu malale. Kwa kuwa mbung'o huhitaji kivuli cha vichaka ili waishi, serikali ya Waingereza ilihimiza, na mara nyingi ililazimisha, ufyekaji wa pamoja wa maeneo mapana kwa shoka na panga. Mpango wa Maendeleo wa Mbulu, uliotekelezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi miaka ya 1950, uliunganisha ufyekaji huo na upunguzaji wa mifugo na uhamishaji wa watu kwenda maeneo mapya. Kwa mara ya kwanza miti mingi ilikatwa kwa pamoja mbali na kaya, pasipo kuwepo nyumba iliyokuwa ikiingojea, na sehemu kubwa iliishia kuoza au kuchomwa moto palepale. Kwa hiyo, miongo kadhaa kabla ya msumeno wa mnyororo kufika, kulikwisha kuwepo ukataji uliotenganishwa na matumizi.

Msumeno wa watu wawili

Katika miaka hiyohiyo ya ukoloni zana mpya ilikuwa imeingia kwa njia ya misheni. Mapadre Weupe, shirika la Kikatoliki lililofanya kazi katika sehemu kubwa ya bara la Afrika Mashariki, walikuwa na misheni Tlawi tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na kazi ya umisionari ilikua hadi Mbulu ikawa jimbo kamili la Kanisa mwaka 1953. Makanisa, shule na zahanati zilihitaji milango, madirisha, mabenchi na kenchi, yaani mihimili ya pembetatu inayobeba paa la mgongo, na vitu hivyo havikuweza kutengenezwa kwa nguzo za mviringo, kwa hiyo zilihitajika mbao.

Upasuaji wa mbao wa wakati huo ulifanyika kwa msumeno mrefu wenye mpini kila upande. Gogo liliinuliwa juu ya jukwaa au kuwekwa juu ya shimo, mistari ikachorwa kwa kamba iliyopakwa masizi, kisha mtu mmoja akasimama juu ya gogo kuongoza msumeno kwenye mstari, na mwenzake akasimama chini kuuvuta, huku unga wa mbao ukimwangukia. Kazi hiyo ilitaka uvumilivu na mapatano ya mwendo, lakini msumeno wenyewe ulikuwa mwembamba, hivyo kila mkato ulipoteza mti kidogo sana, na mafundi wenye ujuzi waliweza kupata mbao nyingi kutoka kwenye gogo moja. Vipande vya nje vya gogo, vyenye gome upande mmoja na bapa upande wa pili, ambavyo huitwa mabanzi, vilichukuliwa na majirani kwa ajili ya mabanda na uzio.

Mti wa kupandwa

Mahitaji ya nguzo na kuni yaliongezeka kadiri watu walivyoongezeka na misitu ya asili ilivyofungwa, na jibu lililopatikana lilikuwa kupanda miti ya kigeni inayokua haraka. Mkaratusi, wenye asili ya Australia, uliletwa Afrika Mashariki katika miaka ya mwanzo ya ukoloni, na hupendwa kwa sababu huchipua tena kutoka kwenye kisiki, kwa hiyo mche uliopandwa mara moja huvunwa mara kadhaa. Mgrevilea, nao wa Australia, hustahimili kupogolewa matawi kila mwaka, na msaipresi, wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, hutoa mbao laini ya kenchi na samani.

Baada ya uhuru, mabadiliko makubwa ya makazi yalikuja na Operesheni Vijiji. Mashariki mwa nchi ya Wairaqw operesheni hiyo ilitekelezwa kati ya 1974 na 1976, kaya zilizotawanyika zikahamishiwa kwenye vijiji vilivyopimwa, na nyumba mpya zilipaswa kujengwa kwa muda mfupi, jambo lililohitaji miti mingi kwa wakati mmoja. Nyumba za mabati na tofali zilipoenea, mahitaji ya nguzo za paa la udongo yalipungua, lakini mahitaji ya mbao za kenchi yalizaliwa, na tanuri la kuchomea matofali likawa mlaji mpya wa kuni. Serikali ilijibu kwa kampeni za upandaji, ikiwemo ya mwaka 1980 iliyojulikana kwa jina la Misitu ni Mali, na baadaye kwa kuifanya tarehe 1 Aprili kuwa Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Matokeo yake ni kwamba kaya nyingi za Mbulu zilipata miti yao wenyewe, mikubwa na mingi kuliko shoka linavyoweza kuihudumia.

Msumeno wa mnyororo

Msumeno wa mnyororo, ambao wapasuaji wa Tanzania huuita msumeno wa moto au chensoo, ni mashine yenye injini inayozungusha mnyororo wa meno kuzunguka upanga wa chuma. Ulibuniwa katika nchi za misitu ya kaskazini: Andreas Stihl alitengeneza huko Stuttgart, Ujerumani, msumeno wa umeme mwaka 1926, kisha wa petroli mwaka 1929, na mashine hizo za kwanza zilikuwa nzito kiasi cha kubebwa na watu wawili. Hatua kubwa iliyofuata ilitoka Oregon, Marekani, ambako mkata miti Joseph Cox alichunguza jinsi buu la mdudu wa mbao linavyotafuna kwa kwenda kushoto na kulia, na mwaka 1947 akaanza kuuza mnyororo wenye meno yaliyopangwa kwa mfano huo, ambao ndio msingi wa minyororo ya leo. Katika miaka ya 1950 misumeno ikawa myepesi ya kubebwa na mtu mmoja, na katika miaka ya 1970 ikawekewa breki ya mnyororo ili kupunguza ajali. Tanzania ilijijengea pia elimu ya kazi hiyo, kwani chuo cha misitu cha Olmotonyi karibu na Arusha kilianzishwa mwaka 1937, na chuo cha viwanda vya misitu kikafuata huko Moshi katika miaka ya 1970.

Injini ya msumeno huu hutumia petroli iliyochanganywa na oili kwa kipimo maalumu, kwa kuwa haina hifadhi ya oili ndani yake kama injini ya gari, na mnyororo hulainishwa kwa oili nyingine kutoka tangi la pili. Mti huangushwa kwa kukata kwanza pengo lenye umbo la mdomo upande unaotakiwa kuangukia, kisha kukata kutoka nyuma na kuacha ukanda mwembamba usiokatwa, ambao hufanya kazi ya bawaba na kuuongoza mti unapoanguka. Gogo lililolala nalo lina sheria zake, kwa maana likiegemea ncha mbili, upande wa juu hubanwa na upande wa chini huvutwa, na anayekata kutoka juu tu hukuta upanga umebanwa na mti. Kwa hiyo huanza kwa mkato mfupi juu, kisha humalizia kutoka chini. Hatari kubwa kuliko zote ni upanga kurushwa nyuma ghafla pale sehemu ya juu ya ncha yake inapogusa kitu kigumu, na mnyororo butu huongeza hatari kwa sababu humlazimisha mtu kusukuma kwa nguvu. Kofia ngumu, kinga ya macho na masikio, buti na suruali ya kinga, pamoja na tupa ya kunolea, ni sehemu ya zana yenyewe, na kuwakodisha vijana msumeno pasipo vifaa hivyo ni kuwaweka rehani kwa ajili ya mbao.

Lakini msumeno wa mnyororo ulibuniwa hasa kwa kukata gogo kukingama, na unapotumiwa kulipasua kwa urefu ili kupata mbao, upana wa mkato wake huwa hasara. Mkato wa mnyororo unakaribia milimita 8, kwa hiyo mbao ya unene wa milimita 25 inapopatikana, milimita 33 za gogo zimetumika, na karibu robo ya mti imegeuka unga kabla ya kuhesabu mabanzi na kasoro za mpasuaji anayeongoza kwa jicho tu. Msumeno wa mkanda wa kiwandani, wenye mkato wa milimita 3 hivi, hupoteza takribani sehemu moja ya tisa kwa hesabu hiyohiyo. Hata hivyo gogo la mkaratusi lililoangukia kwenye mteremko usiofikika kwa gari haliwezi kwenda kiwandani, na hiyo ndiyo sababu msumeno wa moto umeendelea kupasua mbao vijijini, na ndiyo sababu swali la mabaki limekuwa kubwa kuliko wakati wowote uliopita.

Kinachobaki baada ya mbao

Mti uliopasuliwa shambani huacha matawi, majani, magome, mabanzi, vipande vifupi, unga na kisiki, na kila kimoja kina kazi katika kaya ikiwa kitatenganishwa mapema. Mabanzi, ambayo upande wao wa bapa hupangwa vizuri, hujenga banda la kuku, zizi la nguruwe, uzio wa bustani na kuta za stoo, na yanapoondolewa gome hudumu zaidi, kwa sababu wadudu huanza kutaga kati ya gome na mti. Vipande vifupi vilivyonyooka huwa vigoda, ngazi za mteremko na fremu za matofali, na vilivyopinda hupasuliwa kuwa kuni na kupangwa mahali penye hewa hadi vikauke, kwa kuwa kuni mbichi hutumia sehemu kubwa ya moto wake kukausha maji yaliyomo na hujaza jiko moshi. Gogo lenye uwazi katikati bado ni mzinga wa nyuki, kama ilivyokuwa zamani.

Unga wa mbao, ambao msumeno wa mnyororo huutoa kwa wingi, ndio uliozoeleka kutupwa au kuchomwa, ingawa ndio unaounganisha kwa karibu zana mpya na kilimo cha kale cha Wairaqw. Unga mbichi ukichanganywa moja kwa moja na udongo hudhuru mazao, kwa sababu viumbe vidogo vinavyouozesha huchukua naitrojeni ya udongo, kirutubisho ambacho mahindi hukihitaji ili yawe na rangi ya kijani na nguvu. Lakini ukitandazwa kwanza kwenye zizi, hunyonya mkojo wa ng'ombe, ambao una naitrojeni nyingi, kisha hutolewa pamoja na samadi na kurundikwa kwa miezi kadhaa hadi uwe mboji. Kaya iliyozoea kuhesabu samadi kuwa mali huongeza wingi wake kwa njia hiyo na kuzuia kirutubisho kisipotee ardhini. Unga wa mkaratusi unahitaji kuozeshwa kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa una kemikali zinazozuia mbegu kuota, ilhali maranda, yaani vipande vyembamba vinavyotoka kwenye randa ya seremala, yanafaa kutandazwa kwenye banda la kuku yakiwa makavu.

Unga uliokauka huweza pia kupikia katika jiko rahisi la debe, ambalo hujazwa unga ulioshindiliwa kuzunguka chupa au mti wa mviringo uliosimamishwa katikati, kisha chupa hiyo huchomolewa na kuacha tundu la hewa, na moto unaowashwa chini ya tundu huwaka polepole kwa saa kadhaa. Majivu ya kuni safi huongeza potasiamu na kupunguza tindikali ya udongo, hivyo hunyunyizwa kwa kiasi kwenye bustani. Mabaki ya nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa yanapaswa kutengwa kabisa, kwa sababu moshi na majivu yake yana sumu isiyofaa jikoni, zizini wala shambani.

Sheria, maji na uamuzi wa kaya

Msumeno uliorahisisha kukata mti wa nyumbani umerahisisha pia kuiba mti wa hifadhi, na hapo historia ya miaka ya 1990 katika Wilaya ya Babati ina funzo. Serikali ilipokusudia kuutangaza msitu wa Duru-Haitemba kuwa hifadhi yake, vijiji vya Wagorowa, ambao ni ndugu wa Wairaqw kwa lugha, vilipinga, na kuanzia mwaka 1994 vikakubaliwa kuusimamia wenyewe kwa sheria ndogo na walinzi wao. Kile kilichojaribiwa huko kilipata nguvu ya kitaifa katika Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002, ambazo zilitambua misitu ya hifadhi ya vijiji, ilhali misitu ya serikali kuu iliwekwa baadaye chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mbao zinazosafirishwa hutakiwa kuambatana na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, kanuni yenye maana ya pekee kwa watu wa Tlawi, ambao mashamba yao yanakaribia maji na ambao mkaratusi wao hunywa maji mengi.

Shinikizo jingine limetoka upande wa jikoni. Tangu Januari 2024 taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, zikiwemo shule, zilitakiwa kuacha kuni na mkaa, na mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka huohuo unakusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mabadiliko hayo yakifika katika kaya za milimani, sehemu kubwa ya mabaki ya miti itaacha kuwa kuni, na kazi zake nyingine, za zizi, mboji, banda na uzio, zitahitaji kufahamika vizuri zaidi kuliko sasa.

Historia ya Mbulu kwa hiyo haiulaumu msumeno wala haiusifu. Inaonyesha kwamba upotevu ulianza pale ukataji ulipotenganishwa na kaya, kwanza katika ufyekaji ulioamriwa na serikali ya kikoloni na baadaye katika upasuaji wa haraka wa mbao za kuuza, na kwamba matumizi kamili ya mti yalistawi pale mwenye kukata alipokuwa pia mwenye kujenga, kufuga na kulima. Kaya inayoamua kabla ya kuwasha injini ni gogo lipi litakuwa mbao, mabanzi yataziba wapi, unga utatandazwa katika zizi gani, na mche upi utapandwa badala ya kisiki kisichochipua, inaendeleza hekima iliyojengwa kwa shoka katika Irqwa Da'aw, na hekima hiyo inastahili kufundishwa kwa kila kijana anayekabidhiwa msumeno, sambamba na namna ya kunoa mnyororo wake.